Shemeji kwenye barieri: ndoa, kabila na filme ya Raoul Peck

Kijana mmoja niliyemfundisha miaka ya nyuma alikuja nyumbani kwangu jioni moja. Alikaa, akakunywa chai, akasema mambo ya kazi na ya mvua, kisha akatoa lile lililomleta: «Prof, bazee banakatala. Banasema ule binti hawezi kuingia mu jamaa yetu. Banasema njo desturi ya bankambo.» Binti ni wa kabila ingine. Sitataja makabila hayo mawili. Kila msomaji wa hapa Kivu anaweza kuweka majina anayoyajua, na hadithi itabaki ile ile.

Jioni ile sikuwa na jibu. Mwalimu hapaswi kuingia kati ya mtoto na baba yake kwa haraka. Lakini nilikuwa na filme moja ambayo nimekwisha kuitazama mara tatu, nayo inasema juu ya jambo hilo kuliko mahubiri mengi. Ndiyo ninayotaka kuichambua hapa, mbele ya wasomaji wa kitabu hiki cha desturi, sababu naona tunatumia neno «desturi» pahali ambapo wazee wetu hawakulitumia.

1. Filme na mwenye kuitengeneza

Jina lake ni Sometimes in April, na kwa Kifaransa Quelques jours en avril. Ilitoka mwaka 2005, ikaonyeshwa kwenye festivali ya Berlin mwaka ule ule. Mwenye kuitengeneza ni Raoul Peck, mtu wa Haiti, aliyezaliwa Port-au-Prince mwaka 1953. Sisi Wakongomani hatuwezi kumwita mgeni kabisa: jamaa yake ilikuja Léopoldville mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati inchi ilikuwa inatafuta watu wenye masomo wanaosema Kifaransa, na yeye aliishi huku akiwa mtoto. Ni yeye pia aliyetengeneza filme Lumumba, ya mwaka 2000, ambayo wengi wetu tunaijua.

Jambo la kwanza la kumshukuru ni kwamba alipiga filme yake Rwanda kwenyewe. Hotel Rwanda ya mwaka 2004, iliyojulikana zaidi duniani, ilipigwa kwa sehemu kubwa Afrika ya Kusini. Mtu anayetoka Bukavu ao Goma anaona tofauti mara moja: ule udongo mwekundu, ile migomba, ule ukungu wa asubuhi juu ya vilima, hakuna anayeweza kuvitengeneza mbali. Na Jeanne, bibi wa hadithi, anachezwa na Carole Karemera, mwenye asili ya Rwanda. Bwana yake, Augustin, anachezwa na Idris Elba, Mwingereza ambaye wazazi wake wametoka Sierra Leone na Ghana.

2. Hadithi kwa ufupi

Augustin Muganza ni Mhutu, kapiteni katika jeshi la serikali. Jeanne, bibi yake, ni Mtutsi. Wana vijana wawili, na binti anayesoma katika shule ya bweni. Augustin ana ndugu, Honoré, anayefanya kazi kwenye redio RTLM, ile iliyoanza kutangaza mwaka 1993 na kuwaita Watutsi inyenzi, maana yake mende. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana inaanguka, naye anakufa pamoja na Rais Ntaryamira wa Burundi. Usiku ule ule barieri zinaanza kusimama Kigali.

Jina la Augustin liko kwenye orodha ya watu wa kuuawa, maana ameoa kule na amekataa kufuata wenzake. Hawezi kupita mwenyewe na bibi yake. Anafanya jambo ambalo kila mmoja wetu angefanya: anamuita ndugu yake. Honoré anajulikana kwenye barieri zote, sauti yake inasikilika kila siku. Basi Augustin anampa Jeanne na vijana, awapeleke Hôtel des Mille Collines. Hawafiki.

Filme haituambii mara moja namna gani. Inatupeleka mwaka 2004. Augustin amekuwa mwalimu. Anaishi na Martine, aliyekuwa mwalimu wa binti yake na aliyepona kwenye mauaji ya shule. Honoré yuko Arusha, anashitakiwa mbele ya tribinali ya kimataifa juu ya maneno yake ya redioni. Anaandika barua: njoo, nitakuambia namna bibi yako na watoto wako walivyokufa. Filme yote ni safari ya kwenda kusikiliza neno hilo moja.

3. Karte na ukoo

Kwa mtu anayependa mambo ya asili, swali la kwanza ni hili: ndoa ya Augustin na Jeanne ilivunja desturi gani? Jibu ni: hakuna.

Rwanda ya zamani ilikuwa na koo: Abanyiginya, Abega, Abasinga, Abazigaba, Abagesera na zingine. Katika ukoo mmoja mulikuwa Wahutu, Watutsi na Watwa pamoja. Neno ubwoko lilisema kwanza juu ya ukoo huo. Ni Wabelgiji, katika miaka ya 1930, walioleta karte ya utambulisho yenye kuandikwa Hutu, Tutsi ao Twa, na neno ubwoko likahama kutoka ukoo kwenda kwenye karte. Mtoto alichukua neno la baba yake. Tangu siku ile lililokuwa linaweza kugeuka kwa mali, kwa ngombe ao kwa kazi ya mfalme, likawa limefungwa kwa wino.

Ndoa nayo ilikuwa na njia yake. Jamaa ya kijana inaenda gusaba, kuomba. Inatoa inkwano, ngombe ya mahari. Baadaye jamaa ya binti inarudisha indongoranyo, ngombe inayotoka katika uzao wa ile ya kwanza. Tuangalie vizuri maana yake: ngombe inaenda, kisha inarudi na uzao. Nyumba mbili zinabaki na deni la kila mmoja kwa mwenzake, na deni hilo ni la furaha. Vilevile kulikuwa kunywana, agano la damu linaloitwa igihango: watu wawili wasiokuwa wa tumbo moja walikunywa damu ya kila mmoja, na aliyemsaliti mwenzake alijiletea laana. Kwetu pia, upande huu wa Ruzizi na wa ziwa, hakuna kabila lisilojua agano kama hilo. Wazee walijua kwamba mtu hazaliwi na ndugu wa kutosha. Inafaa kuwatafuta wengine.

Kwa hiyo watu wa barieri waliposema wanatetea watu wao na asili yao, walisema uongo. Kwa desturi ya upande wa baba, vijana wa Augustin ni Wahutu. Karte yenyewe, hata ile ya mkoloni, ingewaandika Wahutu. Waliuawa hata hivyo. Hapa filme inaonyesha jambo ambalo vitabu vingi vinalisema kwa maneno mengi: chuki inayojifunika nguo ya desturi inaanza kwa kuivunja desturi yenyewe. Haikuheshimu baba, haikuheshimu ngombe iliyotolewa, haikuheshimu tumbo.

4. Shemeji

Wengi wanaitazama filme hii kama hadithi ya mapendo ya bwana na bibi. Mimi naona kiini chake ni pahali pengine. Kiini ni shemeji.

Kwetu, bibi wa ndugu yako si mtu wa pembeni. Akija nyumbani, wewe njo unabeba mzigo wake. Bwana yake akiwa mbali, wewe njo unaulizwa kama amekula. Wazee wanasema tumemuoa sisi, hawasemi fulani amemuoa. Honoré alijua sheria hiyo. Filme haimfanyi kuwa mnyama. Wakati ndugu yake alipomuita, alikuja. Aliwaweka Jeanne na watoto ndani ya gari yake, akaenda nao. Alifanya kazi ya shemeji.

Lakini kwenye barieri alikuta maneno yake mwenyewe yanamungojea. Redio yake ilikuwa imefundisha wale vijana wenye mapanga kwamba kuua ni gukora, kufanya kazi. Ilikuwa imewaambia wasiache mtu kupita. Sasa yeye anataka kupita na mtu. Wanamtambua, wanamsalimia, lakini sauti yake haina nguvu tena ya kurudisha ilichotuma. Maji yakimwagika hayazoleki. Vijana wanauawa. Jeanne anabaki na uhai kidogo, Honoré anampeleka kanisa Sainte-Famille, na ni pale anapokufa, baada ya kutendewa na askari mambo yasiyosemeka. Hakufa kwa kupiga magoti: alishika grenade, akaondoka pamoja na waliomtesa.

Mimi ni mwalimu, na sehemu hii inaniuma zaidi. Honoré ni mtu wa masomo. Anajua kusema vizuri. Alidhani maneno yake yatakwenda kwa watu wengine tu, kwa wale ambao hawamo ndani ya jamaa yake. Wangapi kati yetu wanasema mezani, mbele ya watoto, «wale bantu ni nyoka», kisha asubuhi wanamsalimia jirani wa kabila lile kwa mikono miwili? Tunafikiri mlango wa nyumba unazuia maneno. Hauzuii.

Tribinali ya Arusha ilihukumu maneno hayo kwa kweli. Mwezi wa 12 mwaka 2003 viongozi wawili wa RTLM, pamoja na mwenye gazeti Kangura, walipatikana na hatia. Na mbele ya pale, tarehe 2 Septemba 1998, katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, burgumestri wa Taba, ilisema kwa mara ya kwanza kwamba kunajisi wanawake kunaweza kuwa tendo la jenosidi. Peck anaweka jambo hilo katika filme kwa njia nyepesi: kule Arusha, Augustin anakutana na mwanamke aliyekuja kutoa ushahidi wa namna hiyo. Hawajuani. Lakini mwanaume ambaye amekuja kusikia habari ya kifo cha bibi yake anajifunza kusikiliza kwanza kwa mwanamke ambaye si wake. Nadhani bila mwanamke huyo asingeweza kuingia gerezani kwa ndugu yake.

5. Pahali filme inachechemea

Nisingekuwa mwaminifu kama ningesifu tu. Naona makosa matatu.

La kwanza ni lugha. Wachezaji wanasema Kiingereza. Bwana na bibi wa Kigali, mwaka 1994, wanapendana, wanagombana na kuagana kwa Kiingereza, wakati mji ule ulisema Kinyarwanda na Kifaransa, na Kiswahili pembeni. Mtu hasemi neno la mwisho kwa bibi yake katika lugha ya kukopa. Naelewa kwamba feza zilitoka kwa HBO ya Marekani. Lakini sikio linakataa.

La pili, filme inatoka mara kwa mara Rwanda na kwenda Washington, kwenye maofisi ambapo watu wanakwepa neno «jenosidi». Habari hiyo ni ya kweli, na inafaa kujulikana. Ila kila mara tunapokwenda kule, damu ya hadithi inapoa. Tungetaka kubaki kidogo na Jeanne.

La tatu ni kubwa kwangu. Hatuoni arusi. Hatuoni baba wa Jeanne wala mama wa Augustin. Ndoa inaonyeshwa kama mambo ya watu wawili na watoto wao, sawa vile wanavyoishi Ulaya. Lakini ndoa kama ile ilikuwa na wakwe, mashangazi, wazee waliokunywa pombe pamoja wakiwa wameshika mrija. Hao walikuwa wapi mwezi wa nne? Nani kati yao alificha mtu, nani alifunga mlango? Mtengenezaji alituonyesha shemeji mmoja, na kwa huyo mmoja alifanya kazi kubwa. Angetuonyesha ukwe mzima, filme ingekuwa ya kwetu kabisa.

Hata hivyo, kuna sehemu ambayo inarudisha kila kitu. Katika shule ya binti wa Augustin, askari wanawaamuru wasichana wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wasichana wanakataa, wanashikana. Mtu anaweza kusema ni uzuri wa sinema. Hapana. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, katika shule ya Nyange, upande wa magharibi wa Rwanda, wanafunzi waliamriwa hivyo na watu wenye silaha, wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda, wakakataa kutengana, na wengine wakauawa. Mimi nasimama kila asubuhi mbele ya vijana wa umri ule. Sijui kama nimewafundisha jambo lenye uzito kama lile.

6. Mapendo ya mgeni

Kuna filme ingine juu ya mapendo katika mauaji yale: Un dimanche à Kigali ya Robert Favreau, ya mwaka 2006, iliyotoka katika kitabu cha Gil Courtemanche, mtu wa Québec, kilichochapwa mwaka 2000. Ndani yake mwandishi wa habari mzungu, Valcourt, anampenda Gentille, mtumishi wa hoteli. Gentille ni Mhutu kwa karte, lakini sura yake ni ile watu waliyoiita ya Kitutsi. Katika kitabu tunaambiwa sababu: babu yake wa zamani alitaka uzao wake ugeuke Watutsi kwa njia ya ndoa, ili waishi vizuri chini ya serikali ya wakati ule. Ndoa iliyopangwa juu ya sura na faida inamrudia mjukuu kama hukumu ya kifo. Fundisho hilo ni kali, na wazee wanaochagua wakwe kwa kuangalia pua na mali wangelisoma vizuri.

Lakini katika hadithi ile tunaona Rwanda kwa macho ya mwanaume anayeweza kupanda ndege. Gentille ni mzuri, anateswa, na huzuni kubwa ni ya bwana yake. Kwa Peck hakuna anayeondoka. Augustin anabaki katika inchi ile ile, na watu wale wale, na ndugu yule yule. Mapendo ya mgeni yanaisha pale bibi anapokufa. Mapendo ya mwenyeji yanapaswa kuendelea kumutafutia kaburi, jina na ushahidi. Mwishoni Martine, bibi wa sasa, anakwenda gacaca kusema aliyoyaona. Zile baraza za majani, walizokuta wazee wakitatua ugomvi wa mbuzi na mipaka, zilipewa kazi ambayo hakuna mzee aliyeiwaza: mpaka zilipofungwa mwezi wa 6 mwaka 2012 zilikuwa zimehukumu kesi karibu milioni 2. Watu wamezisifu, wengine wamezilaumu. Lakini mwanamke kusimama juu ya majani na kusema «niliona» ni mwisho mzuri kuliko busu.

7. Na sisi?

Najua mnachouliza. Nimekiuliza mwenyewe. Kwa nini Mkongomani alie machozi ya Rwanda wakati yake hayajakauka? Mwezi wa 7 mwaka 1994 tuliona watu wakivuka mpaka kwa maelfu na maelfu, waliokimbia pamoja na waliokuwa wameua, wakijaa Goma na Bukavu. Kisha vita vya mwaka 1996, vya mwaka 1998, Kasika, Makobola. Ripoti ya Mapping ya ONU, iliyotoka mwaka 2010, ilihesabu matukio 617 makali katika inchi yetu kati ya mwaka 1993 na 2003. Mwaka 2025 Goma na Bukavu zikachukuliwa tena kwa silaha. Nani ametengeneza filme ya bwana na bibi wa Kasika? Tuna dokumenteri nzuri, kama L'Homme qui répare les femmes ya mwaka 2015. Hadithi ya nyumba moja, ya mapendo na ukwe, bado inangojea mtu wetu wa kuiandika, na afazali aiandike kwa lugha tunayoisema.

Lakini uchungu wetu haupaswi kutufanya tusahau kusoma. Kama mauaji yanaweza kuingia kati ya bwana na bibi pale ambapo watu wanasema lugha moja na kuwa na koo zile zile, yataingia namna gani kwetu, penye lugha mingi? Hiyo njo sababu ya kuitazama.

Yule kijana nilimwambia aje na baba yake. Mzee alikuja, kwa heshima, akiwa amevaa koti. Tulitazama sisi watatu. Umeme ulikatika mara moja, tukangoja. Ilipofika sehemu ya barieri, mzee aliinama mbele, na filme ilipoisha aliniuliza jambo moja: «Ule shemeji, balikuwa banamujua pale. Juu ya nini basikie sauti yake ku redio, halafu pale basimusikie?» Nikamjibu: «Mzee, walimsikia. Walimsikia muda mrefu sana mbele ya siku ile.»

Alinyamaza. Hakusema amekubali, nami sitadanganya msomaji. Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akasimama, akavaa kofia. Mlangoni alimgeukia kijana wake akamuuliza: «Babu ya ule binti, jina yake nani?»

Wanaojua desturi zetu wanajua kwamba uchumba unaanzia kwenye swali hilo. Wazee wetu walikuwa wanauliza jina la babu ili kutafuta njia ya kuomba. Sisi tumelifanya kuwa swali la kufunga mlango. Kama kuna desturi ya kurudisha, turudishe hiyo kwanza.